Bado Iko Njiani

Nimeichomeka saa kumi na mbili jioni.
Taa ya ubavuni, ile ya rangi ya chungwa,
ikakonyeza mara moja
ikafumba.
Asilimia sita.
Farasi mia mbili na kumi na saba wamo humo ndani,
majike, vitoto, na yule dume mwenye kovu la mbwamwitu,
na kesho saa tatu ofisi ya mifugo inataka hesabu.

Kipimajoto cha dirishani: arobaini na nne chini ya sifuri.
Yakutsk imejifunika ukungu,
moshi wa magari haupandi, umelala barabarani
kama mtu aliyegoma kuamka.

Nikaanza na soketi, maana soketi haina wakili.
Nikachomeka birika. Birika likaguna, likachemka.
Soketi, huna kesi. Samahani.
Nikashika waya, nikaupapasa toka kichwa hadi mkia,
nikakawia pale shingoni, kwenye utepe mweusi
nilioufunga mwaka juzi na kuuita matengenezo.
Nikaupinda huku. Nikaupinda kule.
Taa haikunijibu.

Nikabisha hodi kwa Sardaana, mshona kofia za manyoya.
Akanipa chaja ya mwanawe, sindano ikiwa bado mdomoni:
"Hii hata jiwe inalichaji."
Jiwe langu halikuchaji.

Kisha kijiti cha meno na tochi.
Ndani ya tundu nikatoa vumbi,
chembe ya kitu ambacho zamani kilikuwa mkate,
na unywele mmoja wa farasi, mweupe, mrefu,
ukatoka taratibu kama uzi wa shuka.
Nikajiona bingwa. Nikachomeka kwa mbwembwe.
Asilimia tano.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mchawi.
"Erchim! Umecheza michezo yako humu?"
Hakuinua uso. Alikuwa akila samaki wa barafu,
vipande vyembamba kama maranda ya seremala.
"Mama, jana ulilala wapi?"
"Hapa. Kitandani kwangu."
"Na yenyewe?"

Yenyewe.
Nilipotoka malishoni usiku niliingiza nyama,
nikaingiza buti, nikaingiza hata gunia la chumvi.
Injini nikaivika blanketi nene kama ya mzazi.
Yenyewe ililala kiti cha nyuma.
Nimeiingiza jioni hii, nikaipeleka moja kwa moja ukutani:
kula!

"Haijaharibika," alisema, akilamba chumvi vidoleni.
"Betri ikiganda hufunga mdomo, isije ikajiua.
Izime. Chomoa. Subiri."

Farasi aliyetoka mbio kwenye baridi
hanyweshwi maji papo hapo.
Nimewafukuza kazi vijana wawili kwa kosa hilo,
mmoja akiwa na mke mjamzito.

Basi nikaiweka katikati ya meza, mbali na joto la mabomba.
Mgongoni ikaota ukungu mweupe,
ukungu ukawa jasho,
jasho nikalifuta kwa kanga... hapana, kwa fulana ya Erchim,
ndiyo iliyokuwa karibu.
Likarudi. Nikafuta tena.
Chumba kimoja, mwanamke na mashine,
mmoja wetu bado yuko njiani.

Ili mikono isiwashwe, nikageuza bili ya umeme
nikaanza kuwaandika farasi kwa kichwa:
Mweupe wa Mtoni. Kiziwi. Binti wa Kiziwi.
Yule anayeuma. Yule aliyeacha kuuma.
Saa nne usiku nilikuwa na mia na tisini na nane.
Nikakwama.

Saa tano na dakika saba nikachomeka.
Taa ikafumbua jicho
nami nikazuia pumzi kama mwizi.
Haikufumba.

Sikuiwasha haraka.
Niliiacha ile kwanza, na mimi nikanywa chai,
bili mkononi, kalamu sikioni,
nikijiuliza ni kumi na tisa gani
niliowaacha nje.